Pua ya mbwa wa polisi na haki ya dereva barabarani

Mnamo Novemba 1998, afisa wa polisi wa jimbo la Illinois, Marekani, alimsimamisha dereva katika barabara kuu nambari 80 kwa kosa dogo. Dereva huyo alikuwa akienda kwa kasi ya maili 71 kwa saa mahali ambapo kikomo ni maili 65, yaani kilomita 114 badala ya 105. Afisa alipoarifu kituo kwa redio, mwenzake wa kikosi cha kupambana na mihadarati aliyasikia mazungumzo hayo, akafunga safari kuelekea huko pasipo kuitwa, akiwa na mbwa. Wakati wa kwanza akiandika onyo, wa pili alimzungusha mbwa kando ya gari. Mbwa akaashiria kwenye buti, na lilipofunguliwa, bangi ikapatikana. Shughuli yote haikufika dakika 10. Dereva alihukumiwa kifungo cha miaka 12 na faini ya zaidi ya dola 256,000.

Kesi hiyo, inayojulikana kama Illinois dhidi ya Caballes, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani ikiwa na swali moja: je, mbwa anaponusa gari, polisi huwa wamelipekua?

Swali hilo lina uzito kwa sababu Marekebisho ya Nne ya Katiba ya nchi hiyo, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, humkinga mtu dhidi ya upekuzi usio na sababu za maana. Iwapo kunusa ni kupekua, basi afisa anahitaji sababu kabla ya kumleta mbwa. Iwapo si kupekua, dereva yeyote aliyesimamishwa kwa taa iliyoungua anaweza kuzungukwa na mbwa bila ya kutuhumiwa lolote.

Mnamo Januari 2005 majaji sita dhidi ya wawili waliamua kwamba si kupekua, mradi kusimamishwa kwenyewe kuwe halali na kusirefushwe. Msingi wao ulikuwa uamuzi wa mwaka 1983 kuhusu mzigo wa abiria wa ndege, uliosema kwamba pua ya mbwa haifichui siri za mtu ila kuwapo kwa kitu kilichopigwa marufuku, na hakuna aliye na haki ya kuficha kitu cha aina hiyo. Jaji David Souter alipinga. Kwa maoni yake, mbwa asiyekosea ni kiumbe anayeishi katika vitabu vya sheria tu.

Hoja ya Souter inahitaji mtu amfahamu mbwa mwenyewe. Wapo wanaodhani kwamba wanyama hawa hulishwa dawa za kulevya ili wazizoee. Si kweli, kwani hata kiasi kidogo kinaweza kumuua mbwa. Anachofunzwa ni kuhusisha harufu fulani na mchezo: akiitambua, hupewa mpira au kitambaa cha kung'ang'ania. Wengine hufunzwa kuketi wanapoinusa, wengine kuparua kwa kucha. Kwa mbwa, heroini si uhalifu. Ni njia ya kuupata mpira wake.

Basi tatizo liko wapi? Kwanza, mbwa hunusa harufu, wala si dawa yenyewe, na harufu hubaki kwenye gari hata baada ya mzigo kuondolewa. Pili, mbwa humsoma aliyeshika kamba yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Ujerumani, farasi aitwaye Hans aliwastaajabisha watu kwa kujibu hesabu kwa kupiga kwato, hadi ilipogunduliwa kwamba alikuwa akifuata mabadiliko madogo katika uso na mwili wa muulizaji. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwajaribu mbwa 18 pamoja na maafisa wao katika vyumba visivyo na dawa wala vilipuzi. Maafisa walidanganywa kwamba katika baadhi ya sehemu kulikuwa na karatasi ya kuonyesha palipofichwa kitu. Katika misako 144, ni 21 pekee iliyomalizika bila ya ishara yoyote ya uongo.

Mahakama haikuyapa mambo hayo uzito mkubwa. Mwaka 2013, katika kesi ya Florida dhidi ya Harris, iliamua kwa kauli moja kwamba cheti au mafunzo ya mbwa yanaweza kutosha kumpa polisi sababu ya kupekua, ingawa mshtakiwa anaruhusiwa kuyapinga. Mbwa wa kesi hiyo, Aldo, alikuwa ameashiria kwenye mpini wa mlango wa gari. Ndani mlipatikana tembe na kemikali za kutengenezea methamfetamini, vitu ambavyo hakufunzwa kuvinusa. Dereva huyo aliposimamishwa tena baadaye, Aldo aliashiria pale pale, na hapakupatikana kitu.

Mahali ambapo dereva alipata afueni ni kwenye saa. Usiku wa manane wa Machi 2012, gari lilisimamishwa jimboni Nebraska kwa kuingia ukingoni mwa barabara. Afisa alikagua leseni, akaandika onyo, akarudisha hati zote. Kisha aliomba ruhusa ya kumzungusha mbwa. Dereva alikataa, akaamriwa ashuke na kungoja afisa wa pili. Dakika saba au nane baada ya onyo kutolewa, mbwa aliashiria, na methamfetamini ikapatikana. Mwaka 2015, katika kesi ya Rodriguez dhidi ya Marekani, Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwa niaba ya majaji sita dhidi ya watatu kwamba kazi ya kusimamisha gari huisha pale shughuli ya trafiki inapokwisha au ilipopasa kwisha. Dakika za ziada, hata ziwe chache, zahitaji tuhuma zenye msingi.

Mwenye kesi mwenyewe hakufaidika. Mahakama ya rufaa ilikubali ushahidi ule ule kwa hoja kwamba polisi walitegemea kwa nia njema sheria ilivyofasiriwa wakati huo, na hukumu yake ya miaka mitano ikasimama.

Msomaji aliyezoea vizuizi vya polisi kati ya Mombasa na Nairobi huenda akashangaa kwamba huko Marekani kizuizi kinachowekwa hasa kwa ajili ya kusaka mihadarati hakiruhusiwi. Jiji la Indianapolis lilivijaribu mwaka 1998 kwa mbwa waliozungushwa kila gari. Magari 1,161 yalisimamishwa na watu 104 wakakamatwa, 55 kati yao kwa makosa ya mihadarati. Mahakama ya Juu ilivipiga marufuku mnamo Novemba 2000. Nchini Kenya, Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 humlinda mtu na mali yake dhidi ya upekuzi, nacho Kifungu cha 50 huamuru ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki ukataliwe iwapo utaharibu haki katika kesi. Maamuzi ya Marekani hayazifungi mahakama zetu, lakini mawakili wako huru kuyataja.

Kwa Wakenya wanaoendesha magari huko ng'ambo, tofauti muhimu ni kati ya amri na ombi. Afisa akiomba kupekua, dereva anaweza kukataa kwa adabu, na ukataaji huo peke yake si sababu ya kumtuhumu. Akiamriwa kushuka garini, sharti atii.

Nguzo ya hoja ya mwaka 2005 imeanza kutikisika kutokana na bangi kuhalalishwa katika majimbo kadhaa. Huko Colorado, mtu mzima wa miaka 21 na zaidi aliruhusiwa kumiliki kiasi kidogo kufuatia kura ya mwaka 2012. Mbwa aitwaye Kilo, aliyefunzwa kunusa bangi pamoja na kokeini, heroini na methamfetamini, alikuwa akitoa ishara ile ile kwa zote. Mwaka 2019 mahakama ya juu ya jimbo hilo, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, iliamua kwamba kumtumia mbwa wa aina hiyo ni kupekua na kwahitaji sababu za kutosha, kwa kuwa anaweza kufichua kitu ambacho mtu ana haki ya kuwa nacho. Tangu hapo, idara nyingi za polisi hununua mbwa wasiofunzwa bangi kabisa, na baadhi ya wale wa zamani wamestaafishwa kabla ya wakati wao.