Tovuti ikinakili kazi yako bila idhini

Sherehe za kitaifa za Nanenane zilifanyika Nyakabindi, Bariadi, kwa miaka mitatu mfululizo, kuanzia 2018 hadi 2020, na mkoa wa Simiyu ukapokea wageni wengi wenye kamera. Picha ya mkulima wa pamba iliyopigwa siku kama hizo huweza kuwekwa katika tovuti ya mpigaji asubuhi, na kufikia jioni ikaonekana katika tovuti nyingine, jina la mpigaji likiwa limekatwa na matangazo ya biashara yakiwa yamebandikwa pembeni. Anayelipwa hapo si yule aliyeshinda juani.

Wapo wanaodhani kuwa kilichowekwa kwenye intaneti ni mali ya umma. Sivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 huilinda kazi tangu inapoundwa, bila sharti la kuisajili, na kwa kawaida ulinzi hudumu uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili COSOTA ni hiari, ingawa cheti husaidia pale ubishi wa nani alitangulia unapofika mbele ya hakimu.

Habari za siku, hata hivyo, hazilindwi. Bei ya pamba iliyotangazwa Maswa au ajali iliyotokea Lamadi si mali ya mwandishi aliyeiripoti kwanza. Yeyote anaweza kuisimulia kwa maneno yake. Maneno yenyewe na picha ndivyo vyenye mwenyewe, na mlalamikaji asiyetofautisha mambo hayo hujipotezea muda.

Kosa kubwa la aliyeibiwa ni kumpigia simu mhusika kwa hasira. Ukurasa hufutwa papo hapo na ushahidi huenda nao. Kwanza ihifadhiwe nakala ya ukurasa ikionyesha anwani, tarehe na saa. Faili la awali la picha, lenye ukubwa kamili, litunzwe bila kubadilishwa. Ndipo mwenye tovuti aandikiwe barua pepe ya kiungwana yenye siku ya mwisho ya kuiondoa kazi hiyo.

Akikaa kimya, wa kuandikiwa ni kampuni inayohifadhi tovuti hiyo. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinaruhusu kumpelekea mtoa huduma taarifa ya maandishi yenye jina kamili, anwani, saini, haki iliyovunjwa, mahali kazi ilipo na hatua inayoombwa. Kampuni ikiwa Marekani, hutumika sheria ya huko ya mwaka 1998, ambayo huikinga na madai ya fidia kampuni inayoondoa haraka kazi iliyolalamikiwa. Google nayo hupokea maombi ya kuondoa kurasa za namna hiyo katika matokeo ya utafutaji. Pigo hilo huuma kuliko barua yoyote, kwani ukurasa usioonekana hauingizi fedha za matangazo.

Mlango wa polisi pia upo. Kifungu cha 24 cha sheria hiyo ya mwaka 2015 kiliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Aliyenakili kwa biashara, milioni 20 au miaka 5. Kwa picha moja tu, nauli na wakili huweza kuzidi fidia, hivyo njia hiyo huwafaa zaidi wanaoibiwa kila wiki na tovuti ileile.