Siku tovuti ilipokosa macho: Louisville, Columbus na Buffalo, Oktoba 2013

Wakaazi wa miji mitatu ya Marekani walitakiwa siku moja kuomba bima ya afya kwa njia ya intaneti, na kila mji ukaelekezwa kwenye mlango wake. Mlango mmoja ulifunguka, wa pili ukakwama kwa muda, na wa tatu ukaangukia watu waliousubiri.

Leo tunarudi nyuma hadi Jumanne ya tarehe mosi Oktoba, mwaka 2013. Asubuhi hiyo ofisi nyingi za serikali kuu ya Marekani zilikuwa zimefungwa, kwa kuwa wabunge mjini Washington walishindwa kuafikiana juu ya bajeti. Hata hivyo jambo moja lilianza kama lilivyopangwa, nalo ni soko la bima ya afya lililoanzishwa kwa sheria aliyoitia saini Rais Barack Obama tarehe 23 Machi 2010. Soko hilo halikuwa na jengo wala meza. Lilikuwa tovuti.

Sheria iliruhusu kila jimbo lijenge tovuti yake, au litumie ile ya serikali kuu. Kentucky, ambako uko mji wa Louisville, ilijenga yake na kuiita Kynect. Jimbo la New York, ambako uko mji wa Buffalo, nalo likajenga ya kwake. Ohio, ambayo mji wake mkuu ni Columbus, haikujenga. Watu wake wakaelekezwa HealthCare.gov, tovuti ya serikali kuu iliyohudumia majimbo 36.

Kwa wasikilizaji wetu wengi majina ya miji hii si mageni. Columbus ina mojawapo ya jamii kubwa kabisa za Wasomali nchini Marekani. Buffalo na Louisville zimepokea wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, na Kiswahili husikika humo madukani, makanisani na misikitini. Wakati ule mkimbizi asiyestahiki mpango wa kawaida wa matibabu kwa watu wa kipato kidogo, yaani Medicaid, aligharimiwa matibabu kwa miezi minane tu tangu kuwasili. Baada ya hapo alitakiwa ajitafutie bima. Huko Ohio, hadi tarehe 21 Oktoba 2013, haikuwa imeamuliwa kama Medicaid ingepanuliwa ili kuwaingiza watu wazima zaidi. Kwa hiyo mtu wa Columbus ambaye miezi yake minane ilikuwa ikimalizika alikuwa na kila sababu ya kuifungua tovuti ile mapema.

Akiifungua, alikuta nini? Kwa sehemu kubwa, ukurasa uliomwomba asubiri. Saa chache baada ya kuzinduliwa tovuti ilikuwa imekwama. Nyaraka zilizotolewa baadaye na kamati ya bunge zilionyesha kuwa siku ya kwanza watu sita tu, katika majimbo yote 36, ndio waliofanikiwa kujiandikisha hadi mwisho. Maafisa wa serikali walisema watu wapatao 250,000 walibisha hodi kwa wakati mmoja, ilhali wao walitarajia kati ya 50,000 na 60,000.

Maelezo hayo ni ya kweli, ila ni nusu ya ukweli. Tovuti ilimlazimisha kila mtu afungue akaunti kabla hata ya kuona bei, na hapo ndipo foleni yote ilipobanana. Aliyepita hapo alikabiliwa na mtihani wa kuthibitisha utambulisho wake, ambao maswali yake yalitokana na historia ya mikopo na madeni. Sasa mtu aliyetoka kambi ya Nyarugusu au Dadaab miezi saba iliyopita atakuwa amekopa benki gani? Watu wengi waliohamia Marekani karibuni walizuiwa hapo, si kwa sababu seva imezidiwa, bali kwa sababu kompyuta haikuwatambua.

Lililo zito zaidi liligunduliwa baada ya wiki tatu. Rais Obama alimteua Jeffrey Zients kusimamia matengenezo, na wahandisi kutoka kampuni binafsi wakaitwa kusaidia, akiwamo Mikey Dickerson wa Google, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha mitambo mikubwa haisimami. Jarida la Time lilisimulia mwaka 2014 kwamba wahandisi hao walipowasili hawakukuta hata ukurasa mmoja wa vipimo unaoonyesha hali ya tovuti nzima kwa wakati ule ule. Wakandarasi walikuwa makumi, na kila mmoja alikitazama kipande chake. Hakuna aliyeweza kusema ni ombi lipi linachelewa, linachelewa wapi, na kwa nini.

Hapa yafaa tueleze kidogo chombo chenyewe, maana wengi wetu hutumia tovuti bila kujua kwamba nazo hupimwa homa. Seva ni kompyuta inayopokea maombi na kurudisha kurasa. Kutoka nje utaona tu kama imejibu au haikujibu. Ili kujua kinachoendelea ndani, husakinishwa programu ndogo inayokaa pamoja na ile inayofanya kazi, nayo hupima kila hatua: sekunde ngapi zimetumika kutafuta jina katika hifadhidata, ngapi kungoja jibu la idara nyingine, makosa mangapi kwa kila maombi mia. Fani hii si mpya. Mhandisi Lew Cirne alianzisha kampuni ya Wily Technology mwaka 1998 kwa kazi hiyo hiyo, na mwaka 2008 akaanzisha nyingine, New Relic, ambayo programu yake ndiyo iliyowekwa katika HealthCare.gov wakati wa matengenezo.

Lakini mpimaji naye ana masharti yake. Anahitaji sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta na ya nguvu zake, kwa hiyo seva iliyokwisha kuelemewa huweza kulemewa zaidi anapoingia. Anahitaji nafasi katika diski, kwa sababu kila anachokiona hukiandika, na maandishi hayo hujaa upesi. Anataka saa za seva zote zilingane, la sivyo hataweza kusema kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Anataka toleo la programu analolielewa. Tena anataka njia ya kupeleka vipimo nje, kupitia ukuta wa ulinzi wa mtandao. Sharti hili la mwisho, katika mitambo ya serikali, aghalabu ndilo gumu kuliko yote, maana halitimizwi kwa kununua vifaa. Hutimizwa na afisa anayekubali kutia saini.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki watakumbuka kisa kinachofanana na hiki. Mwezi Machi mwaka huo huo wa 2013, katika uchaguzi mkuu wa Kenya, skrini za ukumbi wa Bomas mjini Nairobi zilionyesha kura zilizoharibika zikipanda hadi kupita laki tatu. Baadaye tume ya uchaguzi ilieleza kuwa programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Hesabu ya mwisho, iliyofanywa kwa mkono, ilikuwa kura 108,975. Taifa zima lilitazama skrini ile kwa siku kadhaa, na wanasiasa wakaanza kubishana juu ya asilimia zilizotokana na kura ambazo hazikuwapo.

Turudi Marekani. Kwa nini Louisville ilinusurika? Kynect ilikuwa na misukosuko ya saa za mwanzo, kisha ikatulia. Waliyoijenga waliifanya nyepesi, bila mapambo mengi, wakaijaribu kabla ya kuifungua, na wakamruhusu mtu azunguke na kulinganisha bei kabla ya kufungua akaunti. Gavana Steve Beshear alijivunia tovuti hiyo kila alikokwenda, na safari hii mwanasiasa alikuwa na cha kujivunia. Msimu wa kwanza ulipomalizika, watu zaidi ya 413,000 wa Kentucky walikuwa wamepata bima kupitia Kynect, wengi wao kwa njia ya Medicaid. Tovuti ya New York ilizidiwa siku ya kwanza, lakini iliinuka upesi, na watu wa Buffalo wakaendelea na shughuli zao.

Hata hivyo hakuna aliyekuwa kisiwa. Jumapili ya tarehe 27 Oktoba hitilafu ilitokea katika kituo cha kompyuta kilichohifadhi mtambo wa serikali kuu wa kuhakiki taarifa za waombaji. Kwa kuwa kila jimbo liliutegemea mtambo huo, hata zile tovuti nzima za Kentucky na New York zilikosa pa kuulizia.

Kikosi cha matengenezo kiliunda ukurasa wake wa kwanza wa vipimo kwa muda wa saa tano hivi. Tangu hapo kila siku kulifanyika mikutano miwili, ikiongozwa na yale yaliyoonekana kwenye skrini badala ya cheo cha msemaji. Ripoti ya serikali ya tarehe mosi Desemba 2013 ilisema kasoro zaidi ya 400 zimerekebishwa. Muda wa kungoja ukurasa ulishuka kutoka sekunde nane hadi chini ya sekunde moja, na makosa yakashuka kutoka asilimia 6 hadi chini ya asilimia moja. Mwanzoni mwa Novemba tovuti ilikuwa ikipatikana kwa asilimia 43 tu ya muda wake. Kufikia mwisho wa mwezi ilipita asilimia 90. Hadi msimu ulipofungwa mwaka 2014, watu milioni 8 nchini kote walikuwa wamechagua bima katika masoko hayo.

Kwa Kiswahili tovuti hiyo haikuandikwa. Toleo la Kihispania lenyewe lilichelewa hadi Desemba. Asiyejua Kiingereza alipiga simu na kuunganishwa na mkalimani, au alikwenda kwa msaidizi aliyejaza fomu ya karatasi. Katika wiki zile za Oktoba, karatasi hiyo haikukwama wala haikumwuliza mtu alikopa wapi.

Mwaka 2014 Dickerson aliwekwa kuongoza idara mpya ya huduma za kidijitali katika Ikulu, idara iliyobadilishwa jina na kazi mwezi Januari 2025. Kynect nayo ilifungwa na gavana aliyefuata, Matt Bevin, na watu wa Louisville wakahamishiwa HealthCare.gov, ambayo wakati huo ilikuwa imepona. Andy Beshear, mwana wa gavana yule wa kwanza, aliirudisha mwishoni mwa mwaka 2021. Na ule muda wa mkimbizi kugharimiwa matibabu, uliokuwa miezi minane, uliongezwa hadi kumi na miwili mwaka 2022, kisha mwezi Mei 2025 ukapunguzwa hadi minne.