Kitindamlo cha dharura: Ndizi mbivu za nazi kwa mlo wa kuchangiana

Arifa hufika Ijumaa jioni. Chama kitakutana kesho saa saba mchana, na kila mwanachama ametakiwa aje na chakula. Wa kwanza kujibu hujitwika pilau, wa pili kuku, wa tatu chapati. Anayechelewa kujibu huachiwa kitindamlo, na hapo ndipo shughuli huanza, maana maduka yanakaribia kufungwa na tanuri la kuokea keki halipo.

Desturi yenyewe si ngeni. Kiswahili kina neno kongwe la ushirika wa namna hii, bia, yaani kuchangia gharama kwa pamoja. Ni bahati mbaya kwamba leo ukiwaambia majirani mle bia watadhani umewaitia kinywaji. Neno kitindamlo nalo lina mantiki yake: kama kitindamimba alivyo mtoto wa mwisho, ndivyo kitindamlo kilivyo chakula kinachoufunga mlo. Katika nyumba nyingi za Bungoma na Trans Nzoia mlo hufungwa kwa chai tu, ndiyo maana aliyepewa jukumu hili mara nyingi hukosa pa kuanzia.

Kwa mkazi wa Ndalu, jibu lililo karibu zaidi ni ndizi mbivu zilizopikwa kwa tui la nazi. Mji huu mdogo wa soko uko katika eneobunge la Tongaren, kaunti ya Bungoma, upande unaopakana na Trans Nzoia. Ardhi ya Tongaren ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru wa 1963 iligawiwa wakulima wadogo. Kwa hivyo mahindi, ndizi na maziwa hutoka shambani au kwa jirani. Kinachohitaji kununuliwa ni nazi, sukari na iliki.

Pwani, ndizi hizi huliwa hasa kama futari katika mwezi wa Ramadhani. Hakuna kinachozuia ziliwe baada ya pilau huku bara.

Ndizi ndiyo roho ya chakula hiki. Ndizi mbichi ina wanga mwingi, takriban moja kwa tano ya uzito wa nyama yake. Inapoiva, karibu wanga wote hugeuka sukari. Chagua ndizi za kupika zilizoiva hadi ganda likawa la manjano lenye madoa machache meusi, lakini ambazo bado ni ngumu kidogo zikibonyezwa. Mkono wa tembo ukipatikana ni bora zaidi. Ndizi ndogo tamu za kuliwa mbivu zinafaa pia, ila huiva kwa dakika tano hivi na zikipitishwa huwa uji. Ndizi iliyo nusu mbichi isikuhadae kwa rangi: hata ukiitia kilo ya sukari itabaki na ukakasi mdomoni.

Nazi haioti kwa biashara katika nyanda hizi. Husafirishwa kutoka Pwani, kutoka maeneo kama Kilifi na Kwale, na huenda ikakaa dukani muda mrefu. Itikise usikie maji ndani. Tazama macho yake matatu: yakiwa na ukungu au unyevu, irudishe. Ukiivunja, onja kipande kabla ya kukuna. Iliyochacha huharibu sufuria nzima na hakuna iliki inayoweza kuificha.

Kwa watu kumi na watano hivi, andaa ndizi ishirini za wastani, nazi mbili, nusu kikombe cha sukari, punje sita za iliki zilizotwangwa na chumvi kidogo sana. Kuna nazi kwa mbuzi, kisha utie kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, ukande na ukamue kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ndilo tui zito, liweke kando. Rudia kwa vikombe vitatu vya maji upate tui jepesi. Asiye na mbuzi atumie tui la mkebe. Mikebe miwili ya mililita 400 inatosha: mmoja uchanganywe na vikombe viwili vya maji uwe tui jepesi, wa pili ubaki ulivyo.

Menya ndizi, zipasue kwa urefu na uondoe uzi mweusi wa katikati. Zipange katika sufuria pana, zisirundikane. Mimina tui jepesi, tia sukari, iliki na chumvi, kisha bandika motoni.

Hapa ndipo maelekezo ya Mombasa yanapomtupa mpishi wa bara. Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndalu nayo iko katika nyanda hizo za juu. Sufuria inaweza kutokota kwa kelele na bado chakula kikaiva polepole. Kwa hiyo, ukiambiwa dakika kumi na mpishi wa Pwani, tenga kumi na tano, na usiongeze kuni ukidhani moto mkali utafidia. Maji yakishachemka, joto lake halipandi tena. Moto wa ziada huyakausha tu na kuunguza sukari chini. Funika sufuria, punguza moto, na upime kwa ncha ya kisu badala ya saa.

Ndizi zikilainika, ndipo tui zito huingia. Moto uwe mdogo mno. Tui likichemshwa kwa nguvu hukatika: mafuta hujitenga juu na mabonge meupe hubaki chini. Haliwi sumu, lakini sura yake haivutii. Usikoroge kwa mwiko, kwani ndizi zitavunjika. Shika masikio ya sufuria uitikise polepole. Dakika tano zinatosha. Epua mchuzi ukiwa bado mwepesi kidogo, kwa maana huendelea kuwa mzito unapopoa.

Nazi ikikosekana kabisa, maziwa ya ng'ombe yanaweza kushika nafasi yake. Yachemshe kwanza, hata kama ng'ombe ni wako na unamwamini, kwa sababu maziwa mabichi huweza kuambukiza maradhi ya bruselosi, na katika mlo wa kuchangiana maradhi hayabaki nyumbani mwa mpishi. Ndizi zipikwe kwa maji kidogo na sukari, kisha maziwa yaliyokwisha kuchemshwa yaongezwe mwishoni.

Wako watakaotaka kutumia sukari guru, ambayo hupikwa kwa miwa ya magharibi mwa Kenya na ina ladha nzito ipendezayo. Katika tui haina matata makubwa. Katika maziwa ya moto, hata hivyo, yaweza kuyakatisha papo hapo kwa sababu ya asidi iliyomo. Iyeyushe katika maji ya ndizi, uichuje takataka, uache sufuria ipoe hadi vuguvugu, ndipo utie maziwa. Usirudishe motoni.

Suala la usafiri halipaswi kudharauliwa. Mchuzi na bodaboda ni maadui wa tangu jadi, hasa barabara ikiwa ya matope. Hotipoti yenye kifuniko kinachokaza ndiyo salama. Sufuria ifungwe kwa leso na ishikwe mapajani ndani ya matatu. Muhimu zaidi ni saa ya kupika. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na kinachosubiri kuliwa kiwekwe kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 60. Mlo wa saa saba, ambao sote tunajua utaanza saa nane baada ya hotuba, haupikiwi alfajiri. Menya na kamua tui asubuhi ukiwa na jokofu. Bila jokofu, fanya yote kuanzia saa tano.

Wengine hupendelea kashata za njugu, ambazo hazina mchuzi wa kumwagika. Ni chaguo zuri, ila njugu zichambuliwe moja moja. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, kwa kuwa huenda zina sumukuvu, nayo haiishi yote kwa kukaangwa. Mwaka wa 2004 sumu hiyo, iliyokuwa katika mahindi, iliua watu 125 miongoni mwa wagonjwa 317 waliorekodiwa mashariki mwa Kenya. Njugu chache zilizotupwa si hasara.

Tambi za sukari pia hupikwa upesi: zikaangwe hadi ziwe hudhurungi, zitiwe maji kiasi, sukari na iliki, zifunikwe hadi zikauke. Zikipoa hushikana, hivyo zinafaa zaidi pale mpishi anapoishi jirani na mwenyeji.

Ni busara kuuliza mapema iwapo yuko mwanachama mwenye kisukari. Kupunguza sukari hakumsaidii sana, maana ndizi mbivu yenyewe ni sukari. Mwandalie sahani ndogo ya papai lililokatwa dakika chache kabla ya kuondoka, na uifunike. Usiitangaze mbele ya watu. Iweke tu karibu na hotipoti, umwonyeshe kwa jicho.

Zikibaki ndizi, aliyezileta hurudi nazo zikiwa bado moto au huzigawa hapo hapo. Zitakazoliwa usiku zipashwe moto hadi zitokote, hata kama tui litakatika.