Kusoma ni Kujua pa Kutua: Ufasaha na Ufahamu kwa Watoto wa Moa

Mtoto wa Moa, kwenye mwambao wa wilaya ya Mkinga, Tanzania, ana vyuo viwili. Asubuhi yuko shuleni na kitabu cha Kiswahili; jioni yuko kwenye chuo cha Qurani na juzuu. Huko chuoni aweza kuhitimu msahafu mzima bila kufasiri aya moja, na hakuna wa kumlaumu: usomaji ule ni ibada, na tafsiri ina darasa lake. Tatizo huanza pale shule inapoazima utaratibu huo kimyakimya, mtoto akafundishwa kutamka kwanza, maana ataikuta mbele. Makala hii inadai kuwa katika Kiswahili mpango huo haushiki, kwani ufasaha wenyewe haukamiliki pasipo ufahamu.

Hoja ya upande wa pili ina uzito. Mwaka 1974 watafiti LaBerge na Samuels walieleza kwamba umakini wa msomaji una kikomo: anayehangaika na silabi habakiwi na nafasi ya maana. Isitoshe, tahajia ya Kiswahili ni nyepesi. Irabu ni tano, na aliyeshika "ba, be, bi, bo, bu" keshaanza safari. Ila wepesi huo una mtego wake. Neno "hawakutuelewesha" lina silabi nane. Anayefika "-sha" akiwa ameshaisahau "ha-" amezitamka zote, lakini hajui kama jambo lilitendeka au halikutendeka.

Tazama sentensi hii: "Aliifuata barabara." Shadda ikikaa kwenye silabi ya tatu ya neno la mwisho, mtu alifuata njia; ikikaa kwenye ya pili, alifuata sawasawa, pengine ratiba aliyopewa. Maandishi ni yaleyale. Msomaji hawezi kulitamka neno hilo ipasavyo mpaka awe ameelewa habari iliyotangulia. Hapa ufahamu ndio unaoongoza ulimi.

Upatanisho wa kisarufi nao hufanya kazi hiyohiyo. Anayesoma "kikapu kile kikubwa" hukitazamia kitenzi chenye "ki-" kabla jicho halijakifikia, na kasi yake huongezeka. Mtoto aliyelelewa kwa Kidigo, ambako "ki-" huwa "chi-", anao mfumo huohuo kichwani; anachohitaji ni mwalimu wa kumwonyesha daraja, si wa kumkemea. Hilo linaafikiana na walichosema watafiti Gough na Tunmer mwaka 1986, kwamba kusoma kwa ufahamu ni zao la kutambua maneno na kuielewa lugha: kimoja kikiwa sifuri, zao nalo ni sifuri.

Chuo chenyewe kinatupa ushahidi. Msahafu una alama za kutua: mimu ndogo humlazimu msomaji kusimama, na "la" humkataza. Mwalimu wa chuo humrudisha anayetua pasipo pake, kwa kuwa kutua vibaya huharibu maana. Mtoto wa Moa, basi, ameshazoea kuwa kutua kuna kanuni. Shule ingeanzia hapo.

Kwa bahati mbaya, anayepima usomaji huona saa ndiyo rahisi kusoma. Upimaji wa darasa la pili uliofanyika nchini mwaka 2013 ulihesabu maneno yanayosomwa kwa usahihi katika dakika moja, kisha ukauliza maswali. Kipimo hicho kinafaa kwa kazi yake, lakini kikigeuka lengo la kufundishia, watoto watafunzwa kukimbia. Tena "hawakutuelewesha" huhesabiwa neno moja. Kiingereza kingehitaji sita.

Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa mwaka 2015 ulitaka stadi za ufasaha na ufahamu kuanzia darasa la kwanza. Zifundishwe pamoja: mwalimu asome, mtoto arudie sentensi hiyohiyo mara tatu, kisha aulizwe, "Hapa umetua kwa nini?" Mwalimu aandike ubaoni, bila mkato wala alama za mtajo: "Babu alisema mjomba hakuja." Mmoja asome, wenzake wasikilize vitabu vikiwa vimefungwa, kisha waseme ni nani ambaye hakuja. Akitua baada ya "alisema", ni mjomba; akitua baada ya "babu", kisha tena baada ya "mjomba", ni babu. Wakijibu wote jibu moja, na ndilo alilolikusudia msomaji, mtoto huyo amesoma kwa ufasaha, hata kama ametumia dakika nzima.