Muhula maana yake muda wa kupumulia: historia ya tarehe za mwisho, kwa wahadhiri wapya wa Unguja

Chuo kimefunguliwa, hii ni wiki ya pili, na wahadhiri wapya wameshaingia. Wengine wametoka Bara, mmoja Kenya, na wawili watatu ni wenyeji waliokuwa masomoni nje miaka mingi. Wote wamepewa karatasi moja ya ratiba ya mwaka: siku ya mwisho ya kujisajili kozi, wiki za testi, UE inaanza lini, alama zipelekwe lini, tunafunga lini. Karatasi haina kosa. Ila haisemi lolote kuhusu mahali inapotumika, na hapo ndo kila mwaka mambo huharibika kidogo. Mie nasoma historia, sasa nitaipitia karatasi hiyo kihistoria. Mwenye haraka aende zake tu, hakuna testi mwishoni, teh teh.

Tuanze na neno lenyewe. Muhula. Tumelichukua kwenye Kiarabu, na asili yake si miezi minne ya masomo. Ni muda wa kupumulia, muda anaopewa mtu ili asibanwe. Ukimwomba anayekudai akupe muhula, unamwomba akusubiri. Yaani neno tunalolitumia kwa kipindi chenye dedilaini nyingi kuliko vyote lilikuwa neno la kuahirisha dedilaini! Halafu chuo. Kwa wazee chuo ni kitabu, kisha likawa jina la pale watoto wanaposomea Kurani, na mpaka leo mtaani ukisema mtoto kaenda chuoni watu hawafikirii shahada. Na kuhitimu kunatokana na kuikhitimu Kurani, kuimaliza.

Sasa angalia chuo kile kilivyokwenda. Hakikuwa na semista. Mtoto aliingia siku aliyopelekwa na mzazi, akaanza na alifu-be-te, akapanda juzuu kwa juzuu. Huyu alimaliza upesi, yule alichukua miaka, na wote walihitimu. Mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, na sikukuu. Mwalimu alijua kila mmoja amefika wapi. Sisemi ilikuwa pepo (bakora zilikuwepo, tusidanganyane), nasema kipimo kilikuwa ni ulichokimaliza, na tarehe haikuwa na neno.

Skuli za serikali zilikuja na kipimo chengine. Idara ya elimu iliundwa mwaka 1907 wakati wa Waingereza, na mwaka 1923 kikaanza chuo cha kufundishia walimu hapa mjini. Kazi ya kuwaelekeza walimu wapya si ya jana basi: tangu miaka ya 1920 walimu wa Unguja walikuwa na jarida lao la Kiswahili, Mazungumzo ya Walimu, likitoka kila mwezi. Nalipenda hilo jina. Waraka wa walimu ungeweza kuitwa Maagizo kwa Walimu, wao wakauita Mazungumzo.

Wazazi wengi hawakuziamini skuli hizo. Mtoto alisoma Kurani saa hizi na skuli saa zile, kalenda mbili kichwani mwake, na zikigongana mzazi alijua ipi iachwe. Imani ilikuja zaidi pale Kurani ilipoingizwa kwenye masomo ya skuli zenyewe. Mashamba kulikuwa na kalenda ya tatu, karafuu. Karafuu ikishakomaa haisubiri, ikichanua imeharibika, kwa hiyo msimu ukifika mikono yote inahitajika na madarasa yanapungua watu. Hapo huwezi kusema wazazi walikuwa hawajali elimu. Karafuu ndiyo iliyokuwa ikilipa nguo za skuli.

Ya nne ilitoka mbali kabisa. Sekondari ya serikali ilianza mwaka 1935, ndiyo iliyokuja kuitwa King George VI na leo ni Lumumba. Wanafunzi wake walifanya mtihani wa Cambridge. Karatasi zilifungwa, zikapelekwa Uingereza kusahihishwa, majibu yakarudi mwaka unaofuata. Fikiria mtoto wa Malindi anakaa miezi akingojea barua kutoka nchi ambayo haijui kama jana Unguja mvua ilinyesha. Hapa tarehe ya mwisho ikawa kitu kisichojadilika, kwa sababu aliyeiweka hayupo, huwezi hata kumgongea mlango.

(Nikiwa kwenye tarehe za mwisho, iliyo maarufu kuliko zote katika historia yetu ni ya saa 3 asubuhi, tarehe 27 Agosti 1896. Waingereza walimwambia Seyyid Khalid bin Barghash ashushe bendera na atoke kwenye jumba la kifalme ikifika saa hiyo. Hakutoka. Dakika chache baadaye mizinga ikaanza, na chini ya saa moja vita vyote vimekwisha. Mnara wenye saa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib nao ulipigwa. Ukaja mwengine ulioungana na jumba lenyewe, na huo ukaporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Mji huu na saa hawana bahati.)

Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliifungua milango, na tarehe 23 Septemba mwaka huo elimu ikatangazwa kuwa bure. Mitihani ya Cambridge ikaja kuachwa, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Vyuo vikuu vya hapa ni vya juzi tu: Chukwani na Tunguu mwaka 1998, kisha SUZA, sheria yake ya 1999 na masomo 2001, ikianzia Vuga. Lakini elimu ya juu ni jambo la Muungano. Kwa hiyo dirisha la udahili linafunguliwa na kufungwa na TCU kule Bara, na ratiba zetu zinajipanga kulifuata. Wewe mhadhiri ukiona chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba, sababu yake huipati Unguja.

Sasa hizo tarehe kwenye karatasi yako.

Ya kwanza ni ile unayoweka mwenyewe, ya kukusanya kazi. Ukiandika "Ijumaa usiku", fafanua. Kwa hesabu ya hapa siku inaanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa kwa bibi yangu ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao wewe unauita Alhamisi. Na ukiandika 12:00 bila maelezo, kuna atakayefikiria saa kumi na mbili. Usicheke, saa zetu zinahesabiwa toka jua linapochomoza na linapotua. Hata majina ya siku yanavuruga: Jumatano ni ya tano kuanzia Jumamosi, halafu Alhamisi nayo ni "ya tano" kwa Kiarabu. Tuna siku mbili za tano katika wiki moja na tunaishi vizuri tu. Andika tarehe, andika saa 6 kamili usiku, andika kuamkia lini. Khalas. Ijumaa yenyewe kuanzia saa 6 mchana usiweke kitu, watu wako msikitini.

Ya pili ni wiki za testi na mwezi wa Ramadhani. Kila mwaka Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11. SUZA ilipoanza 2001 iliingia katikati ya Novemba, mwanzo wa mwaka wa masomo. Mwaka 2010 ilikuwa Agosti, likizo, hakuna aliyeigusa. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Kwa hiyo mhadhiri anayekwambia "mbona zamani haikuwa tatizo" anasema kweli, zamani yake iliangukia likizo. Mchana watu wamefunga, usiku wana tarawehe, na Idi inategemea mwandamo, tarehe yake haijulikani kwa yakini mpaka jioni ya kuamkia. Mwanafunzi wa Pemba anataka kuwahi boti. Ukipanga testi siku ambayo huenda ikawa Idi, usishangae darasa tupu. Na 12 Januari ni Mapinduzi, hiyo haihami, iandike kwa wino.

Wakulima na wavuvi wa zamani walikuwa na njia yao, wakihesabu mwaka wa jua wa siku 365 kwa makumi kuanzia Siku ya Mwaka, ile inayofanyiwa sherehe Makunduchi mwezi wa Julai. Miongo ya mvua na ya pepo waliijua kwa namba. Ratiba ya chuo haijui masika. Ukiona nusu ya darasa limechelewa Aprili, uliza kwanza barabara ilikuwaje asubuhi.

Umeme pia. Tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa miezi kama mitatu bila umeme wa gridi kwa sababu ya hitilafu ya njia ya waya unaotoka Bara. Miezi mitatu! Hiyo ni takriban semista nzima. Mwenye jenereta alichapa kazi zake, asiye nayo alizunguka mji na flashi mfukoni. Waya mpya ulilazwa baadaye na hali si ile tena, lakini kila ninaposikia "hakuna kisingizio cha kuchelewa" naikumbuka miezi ile.

Hadi hapa mtasema huyu anatetea wavivu. La. Iko tarehe moja ambayo sitaki mhadhiri yeyote apewe muhula, nayo ni siku ya kupeleka alama.

Nina rafiki, wa chuo ambacho sitakitaja. Alifanya testi zote, alikusanya kila kazi, mhadhiri mgeni akazikalia alama mpaka matokeo yakatoka na pengo. Pengo si alama ya kufeli, lakini kwenye mfumo linaonekana vibaya kuliko kufeli. Hakujua kama ana sapu au hana. Sapu zikafanyika, yeye hayumo kwenye orodha. Bodi ya mikopo inasubiri matokeo ya chuo ndipo iendelee kumlipa mwanafunzi anayeendelea, kwa hiyo boom lake likachelewa, na mwenye nyumba Jang'ombe hakuwa na habari ya pengo. Alama zilipopatikana alikuwa na B. Alikula mihogo muhula mzima kwa ajili ya B.

Ndo maana naona hesabu zetu zimekaa kichwa chini. Dedilaini ya mwanafunzi ikipita kwa dakika, alama zinakatwa. Ya mhadhiri ikipita kwa wiki tatu, anatumiwa ukumbusho. Mwalimu wa Kurani, pamoja na bakora zake, hakuweza kukuambia hajui umefika juzuu ya ngapi.

Basi mhadhiri mpya, karibu sana Unguja. Karatasi yako ianze kuisoma kutoka chini, kwenye mstari wa kupeleka alama, uzungushie duara hapo, halafu rudi juu ukipanga testi zako kwa hesabu ya siku utakazohitaji kusahihisha. Darasa la watu 200 halisahihishwi wikiendi moja. Na anayetarajia kupanga ratiba ya mwaka 2030 aanze mapema, maana mwaka huo Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba.