Leso, Kaniki na Mkono wa Mshonaji

Wako waielezao historia ya kanga kana kwamba ni kazi ya wafanyabiashara peke yao. Kwa maoni yangu rai hiyo haitoshi. Neno leso, litumikalo Mombasa hadi leo, latokana na neno la Kireno lenço, yaani kitambaa cha mkononi. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walivinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa kimoja kimoja, wakavishona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi jipya. Aliyebuni hapo ni mshonaji, si muuza duka.

Merikani nayo, iliyoletwa Unguja na merikebu za Salem, ilifika haina pambo. Ilipotiwa nili ikawa kaniki, vazi lililohusishwa na utumwa. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wengi wa walioachwa huru waliitupa kaniki, wakajitanda kanga za rangi. (Nguo ilikuwa hati ya uungwana.)

Tutazame pia istilahi: pindo, mji, jina. Zote tatu ni za Kibantu, wala hakuna hata moja iliyokuja na shehena.