Mitaa Isiyo na Magofu

Aliyezoea Lamu akienda Garissa kutafuta mitaa ya kale atarudi mikono mitupu. Hakuna milango ya nakshi wala kuta za matumbawe. Vuka daraja la Tana uingie mjini: mabati, matofali, nyua za miti, vyote vya juzijuzi. Ukongwe wa mji huu usiutafute ukutani. Utafute kwenye majina.

Mtaa hapa huitwa bula, neno lenye undugu na buul, kibanda kwa Kisomali. Kuna Bula Punda, kuna Bula Iftin, yaani mwanga. Kuna na Waberi, yaani mapambazuko.

Nyumba ya asili ya Msomali mfugaji ni aqal: fito zilizopindwa zikafunikwa mikeka. Wanawake ndio huisuka na kuisimamisha, nayo ni mali ya mke, kwa hiyo wawili wakigombana si vigumu kubahatisha nani atalala nje. Malisho yakiisha, inavunjwa, inapakiwa juu ya ngamia, inasimamishwa kwingine. Aqal hurithisha ufundi wa vizazi, lakini haiachi hata msingi wa kuchimbuliwa na wataalamu.

Waliohama na nyumba zao walifikaje kukaa bulani? Ukame una sehemu yake, serikali ina yake. Mwaka 1926 wakoloni waliifunga wilaya ya mpaka wa kaskazini. Kuingia na kutoka kukawa kwa kibali. Ikafuata vita vya Shifta, kati ya serikali ya Kenya na waliotaka kujitenga, 1963 hadi 1967, na wafugaji wengi wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa kwa bunduki. Mfugaji aliyepoteza mifugo hana sababu ya kuhama tena. Hali ya hatari iliyotangazwa wakati wa vita hivyo haikuondolewa hadi 1991.

Katikati ya miaka hiyo likaja tukio la mtaa wa Bula Karatasi. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliuteketeza mtaa huo. Wakazi walikusanywa katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, wakazuiliwa humo kwa siku kadhaa. Watu waliuawa, wanawake wakabakwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013. Nyumba ziliungua, jina likabaki.

Pembezoni mwa mji aqal bado zipo. Mikeka imepungua, siku hizi nyingi hufunikwa turubai, magunia na nguo kuukuu. Fito hupindwa vilevile.